Kukagua tahajia ya Kiswahili kwa kompyuta: Mfanyabiashara atazame nini kabla ya kuchapa

Na Mwandishi Wetu, Wawi

MFANYABIASHARA anayeandika katika barua yake "nimemkopa mwenye ghala sh. 800,000" na yule anayeandika "nimemkopesha mwenye ghala sh. 800,000" wametofautiana kwa silabi moja tu. Wa kwanza anadaiwa, wa pili anadai. Kompyuta haitapiga mstari mwekundu chini ya neno lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa yote ni Kiswahili sahihi.

Wiki hii safu yetu inaziacha pembeni bei za sokoni na kutazama chombo ambacho wafanyabiashara wengi wadogo wanakitumia bila kukijua: programu ndogo iliyomo ndani ya programu za kuandikia, inayokagua tahajia, yaani namna herufi za neno zinavyopangwa. Kwa mtu wa Wawi jambo hili si la anasa. Hapa, jirani na mji wa Chake Chake, ndipo kilipo kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na biashara ya viungo haiendi bila karatasi: lebo, ankara, barua za maombi ya mkopo, hati za makubaliano. Karatasi hizo mara nyingi huwa na lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na mzigo ukielekea Ghuba hutakiwa na Kiarabu pia.

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Kikagua tahajia hakisomi barua. Kinachukua neno moja moja, kinalitafuta katika orodha yake, na kisipoliona kinalipigia mstari. Kwa Kiingereza utaratibu huo hauna taabu kubwa. Kitenzi chao cha kuuza kina maumbo manne tu, ukiyaandika yote katika orodha umemaliza. Kiswahili hakikubali kuandikwa namna hiyo. Chukua kitenzi "uza". Mwanzoni mwake panaweza kukaa kiambishi cha mtenda kama ni-, u-, a-, tu-, i-, ki-, zi- na vinginevyo, vyenye maumbo kama 15. Kinafuata kiambishi cha wakati. Tuchukue sita tu. Halafu kuna nafasi ya mtendwa, ambayo inaweza kuwa na viambishi 14 au kuachwa tupu. Zidisha 15 kwa 6 kwa 15, unapata maumbo 1,350, na bado hatujagusa ukanushi, wala "uzia", "uziwa" na "uziana". Si yote yenye maana, lakini "walituuzia" na "tungeziuza" ni maneno ya kila siku sokoni, na hakuna kamusi ya karatasi inayoyaorodhesha.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili analazimika kuifundisha kompyuta sarufi, si msamiati peke yake. Na kabla ya hapo, lazima awepo mtu aliyekwisha kuamua tahajia sahihi ni ipi. Uamuzi huo ni wa zamani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 1939 likatoka kamusi la Frederick Johnson. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kila kikagua tahajia cha leo kinakaa juu ya msingi huo.

Ajabu ni kwamba hatua kubwa ya kwanza ya kuifundisha kompyuta sarufi hiyo haikupigwa Unguja wala Dar es Salaam, bali Finland. Kifini nacho kina maneno yanayobadilika sana umbo, na mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa njia ya kuieleza kompyuta jinsi maneno ya aina hiyo yanavyojengwa. Profesa Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho akaitumia njia hiyo kwa Kiswahili kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na programu yake ikaitwa SWATWOL. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Lingsoft, iliyozaliwa chuoni hapo mwaka 1986, ikawa na kikagua tahajia cha Kiswahili kinachotokana na kazi hiyo.

Njia ya pili ni ya watu wa programu za bure. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitengeneza orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya OpenOffice, na Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kikatoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kamusi ya Kiswahili ya Tanzania bado imo leo katika LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ambayo haiuzwi na haihitaji intaneti ukishaiweka. Mtambo unaoiendesha, Hunspell, ulitengenezwa na László Németh kwa ajili ya Kihangari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa neno. Kiswahili hurundika zaidi mwanzoni, ndiyo maana kikagua hiki huweza kupiga mstari chini ya kitenzi kirefu kisicho na kosa lolote. Mwandishi asishangae, na wala asiliharibu neno zuri ili kuiridhisha kompyuta.

Sasa tuje kwenye hati yenye lugha mbili, maana hapa ndipo hasara inapoanzia.

Katika programu za kuandikia, kila aya, na hata kila neno, hubeba alama isiyoonekana inayosema "hiki ni Kiingereza cha Marekani" au "hiki ni Kiswahili". Kompyuta nyingi zinafika madukani zikiwa na alama ya Kiingereza. Mteja akikaa kwenye duka la steshenari na kuanza kusomewa barua yake, ukurasa mzima unageuka mwekundu. "Kijana, mbona yote makosa?" Kijana humjibu, "Usijali, bibi, hii haijui Kiswahili," kisha anakizima kabisa kikagua. Tangu hapo kosa la kweli na neno zuri vina sura moja.

Lililo baya zaidi ni kinyume chake. Yako maneno ya Kiswahili ambayo kwa bahati yana herufi sawa na maneno ya Kiingereza: "wake", "pale", "wale", "pole". Hayo yatapita bila mstari hata kama uliyakusudia kuwa maneno mengine. Mtu akiandika "wake" alipotaka kuandika "wako", mkaguzi wa Kiingereza ananyamaza, na mali ya mnunuzi imekuwa ya mtu wa tatu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Katika LibreOffice na katika Word, jina la lugha huonekana chini ya dirisha. Chagua sehemu ya Kiswahili, bonyeza jina hilo, weka Kiswahili. Chagua sehemu ya Kiingereza, iache Kiingereza. Kwa Word, Kiswahili huja kama kifurushi cha ziada cha lugha, na aghalabu utakikuta kimeandikwa Kenya, kisikutishe. Kuna programu zinazodai kuitambua lugha zenyewe. Hufanya hivyo vizuri kwenye sentensi ndefu, lakini lebo ya chupa ina maneno matatu au manne, na kwa maneno matatu mashine haina cha kupimia. Lebo iwekee alama ya lugha kwa mkono wako.

Kwenye simu za mkononi hali ni afadhali kidogo. Kibodi ya Google iitwayo Gboard, tangu 2016, inaruhusu kuandika kwa lugha zaidi ya moja bila kubadilisha kila mara, na SwiftKey ya Microsoft kwenye simu za Android inapokea hadi lugha tano kwa pamoja. Kiswahili kimo kote kuwili. Tatizo la simu ni kwamba haipigi mstari tu, inabadilisha neno yenyewe. Ukiagiziwa mzigo kwa ujumbe wa simu, ni vyema ukauliza tena pale neno linapoonekana kigeni, kuliko kupakia gari.

Tukiacha lugha mbili, yako mambo matatu ambayo nimeona yanafaa kusemwa kwa urefu, kwa sababu hayaandikwi kwenye vitabu vya mafunzo ya kompyuta.

Kwanza ni herufi kubwa. Word, kama ilivyopangwa na waliyoitengeneza, huyaruka maneno yote yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na pia maneno yenye tarakimu ndani yake. Wazo lao lilikuwa vifupisho vya majina ya mashirika. Lakini lebo zetu zote huandikwa kwa herufi kubwa! "MAFUTA YA KARAFU SAFI" inapita mbele ya kompyuta bila mstari, inakwenda kwa mpiga chapa, na lebo 1,000 zinarudi zikiwa na u moja badala ya mbili. Mpiga chapa hana lawama, amechapa alicholetewa. Andika maneno ya lebo kwanza kwa herufi ndogo, yakague, kisha ndipo uyageuze kuwa makubwa. Au ingia kwenye mipangilio ya ukaguzi uondoe ruhusa hiyo ya kuruka.

Pili ni ile kamusi ya binafsi. Programu ikipiga mstari, inakupa nafasi ya kuongeza neno ili isikusumbue tena. Nafasi hiyo ni nzuri kwa "makonyo", kwa jina la shehia yako na kwa jina la bidhaa yako. Lakini kompyuta ya steshenari ni ya kila mtu. Kijana mwenye haraka akibonyeza "ongeza" kwenye "gharma", basi kompyuta hiyo itaikubali "gharma" kwa wateja wote hadi siku itakapofutwa. Kamusi hiyo ni faili la maandishi ya kawaida. Linafunguka, linasomeka na linasafishika. Mwenye duka la kuchapa alipitie mara kwa mara kama anavyopitia daftari la madeni. Mfanyabiashara mwenye kompyuta yake anaweza kutengeneza orodha ya maneno ya biashara yake mara moja tu, akaiweka kwenye flashi, na kuihamishia mashine nyingine yoyote.

Tatu, na hili ndilo lenye fedha ndani yake, ni maneno sahihi yaliyokaa mahali pasipo pake. Tuliona "kopa" na "kopesha". Ongeza "kodi" na "kodisha", "uziwa" na "uzwa". Ongeza "thamani" na "samani": mtu anayetamka th kama s ataandika "samani ya nyumba ni milioni 30", na mkopeshaji atakayesoma hati hiyo ana haki ya kudhani kwamba kinachowekwa rehani ni makochi na makabati. Kuna "mahali" na "mahari". Tena kuna hesabu kwa maneno: "kilo sita" na "kilo sitini", "saba" na "sabini", "tisa" na "tisini". Hakuna kikagua tahajia hata kimoja, kiwe cha bure au cha kununua, kitakachoyanasa haya kwa kutazama neno moja moja. Kwa hiyo kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na anayelinganisha viwili hivyo awe mtu mwingine, si yule aliyechapa.

Msomaji wa Pemba anaweza kuuliza: na maneno yetu je? Swali lina uzito. Mashine hizi zimejifunza Kiswahili kutokana na vitabu na magazeti, na sehemu kubwa ya magazeti hayo ni ya Tanzania Bara. Neno linalotumika shambani Pemba lakini halijapata kuandikwa gazetini halina pa kujulikana. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010 na kamusi la lahaja ya Kipemba mwaka 2012, lakini kitabu kuwapo si sawa na maneno yake kuingia ndani ya programu. Mtu lazima akae ayaingize. Hata neno "kamusi" lenyewe linatugawa: Dar es Salaam wanachapa "kamusi ya", Zanzibar tunachapa "kamusi la", na kompyuta haioni tofauti yoyote kwa kuwa "ya" na "la" yote yamo katika orodha yake. Vivyo hivyo kwa "kompyuta" na "tarakilishi" ya Wakenya. Kwa barua ya biashara, ushauri wa safu hii ni kutumia neno atakalolielewa anayelipa.

Kwa mwekezaji mdogo, kuna jambo la kuangalia kwa jicho la hesabu. Kukagua maandishi ni biashara kubwa duniani. Grammarly, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009, ilithaminiwa na wawekezaji kuwa dola bilioni 13 mwezi Novemba 2021, na wakati huo ilikuwa ikikagua Kiingereza tu. SwiftKey ya London ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 250. Kiswahili, ambacho UNESCO inakitaja kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, kimehudumiwa kwa sehemu kubwa na vyuo vikuu na watu wanaojitolea. Sababu si ujinga wa wawekezaji. Wasemaji milioni 200 si wanunuzi milioni 200. Anayeandika barua mbili kwa mwezi hatalipia programu ya kuzikagua, hasa ikiwa ya bure ipo. Kijana wa Pemba atakayekuja na wazo la kuuza kikagua tahajia kwa wananchi, mimi singempa fedha zangu. Akija na orodha iliyosafishwa ya istilahi za biashara, benki na forodha kwa Kiswahili na Kiingereza, akiwalenga wanaochapa hati nyingi kila siku, hapo ningekaa naye tukapiga mahesabu ya mapato na matumizi.

Tangu mwishoni mwa 2022 zimeenea programu za akili bandia kama ChatGPT, ambazo husoma sentensi nzima na si neno moja. Hizi zinaweza kukuonya kwamba "samani" huenda ulikusudia "thamani", jambo ambalo vikagua vya zamani haviwezi. Lakini zina tabia ya kuandika upya bila kuulizwa. Ukizipa ankara zisahihishe tahajia, hakikisha kiasi, tarehe na majina yamebaki vile vile, na usizipe nambari za akaunti za wateja wako, maana maandishi hayo hutoka kwenye kompyuta yako kwenda kwingine. Kwa kazi ya kawaida ya dukani, LibreOffice yenye alama sahihi ya lugha, pamoja na jicho la mtu wa pili, vinatosha kwa sasa.

Limebaki suala la Kiarabu kwa wanaopeleka bidhaa Oman na nchi jirani zake. Kiarabu kina kamusi yake katika programu hizo hizo, na alama yake ya lugha huwekwa kwa njia ile ile. Tofauti ni kwamba maandishi huanzia kulia, na tarakimu zilizo katikati yake husomwa kutoka kushoto, kwa hiyo uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi ndivyo vinavyovurugika kwanza. Lebo ikishasomwa na mtu anayekijua Kiarabu, impelekee mpiga chapa kama PDF au picha, usimpelekee faili la kuandikia. Faili likifunguliwa katika programu isiyotayarishwa kwa Kiarabu, herufi huachana na kujipanga kinyumenyume, na mpiga chapa asiyesoma Kiarabu hana namna ya kulitambua hilo.